Kabla ya Kununua Begi Jingine: Dalili, Chanzo na Tiba kwa Mwendesha Baiskeli wa Moshi

Mji wa Moshi umelala juu ya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, na kwa sababu hiyo mtu anayeishi Pasua au Njoro na kufanya kazi upande wa Shanty Town au hospitali ya KCMC hupanda kila asubuhi na kushuka kila jioni. Safari hiyo ndiyo inayofichua kasoro za begi la mgongoni. Dukani begi hujaribiwa na mtu aliyesimama wima, likiwa tupu. Barabarani hubebwa na mtu aliyeinama, anayehema, likiwa limejaa, na mgongo ulioinama si mgongo ule uliojaribishiwa. Ndiyo maana watu wengi hulalamikia begi jipya ndani ya wiki chache, hulitupa, kisha hununua lingine lenye kasoro ileile.

Mimi ni mwalimu na ninakwenda kazini kwa baiskeli mwaka mzima, kiangazi na masika. Yafuatayo nimeyapanga kwa kuanzia na kile ambacho mwendesha baiskeli anakihisi au anakiona, kisha chanzo chake, na mwisho kama dawa ni kurekebisha, kumpelekea fundi au kununua begi jingine.

Anza na mizani

Kabla ya kulihukumu begi, lipime uzito likiwa na kila kitu unachobeba siku ya kawaida. Mizani ya muuza nyanya inatosha. Nilipolipima la kwangu kwa mara ya kwanza nilishangaa kukuta karibu kilo 9: kompyuta mpakato na chaja yake kilo 2 na nusu, madaftari 40 ya wanafunzi kilo 3 na nusu, chupa ya maji ya lita 1 ambayo maji yake peke yake ni kilo 1, kufuli la cheni kilo 1, na bakuli la chakula. Hakuna begi, hata la bei gani, litakalofanya kilo 9 ziwe raha mgongoni mwa mtu anayepanda mlima kwa baiskeli. Kwa uzoefu wangu mpaka ni kilo 5 au 6. Ukizidi hapo, tatizo si begi, bali ni mahali mzigo ulipowekwa, na sehemu ya mzigo inapaswa kuhamia kwenye keria.

Kugawanya mzigo kuna kanuni yake. Kitu kizito kisichoharibika kwa mtikisiko, kama madaftari, kufuli na spana, kiende kwenye keria, kifungwe kwa mpira wa tyubu uliokatwa mrefu. Kitu kinachoogopa mtikisiko, kama kompyuta, kibaki mgongoni, kwa kuwa mwili wako hupokea mishtuko ya barabara kabla haijakifikia. Na ukilifunga begi zima kwenye keria, hakikisha ncha zote za mikanda zimechomekwa ndani au zimefungwa fundo, kwa maana mkanda mmoja unaoning'inia ukinaswa na spoku za gurudumu la nyuma unaweza kulisimamisha gurudumu ghafla ukiwa kwenye mteremko.

Mgongo unaloa kabla hujafika

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila mtu, hasa Januari na Februari jua linapowaka. Ukifika, vua begi uitazame shati yako kabla haijakauka, kwa sababu umbo la jasho linaeleza chanzo. Ikiwa jasho limechora umbo la begi zima, basi sehemu ya nyuma ya begi ni sponji bapa lililoganda mgongoni bila njia ya hewa. Ikiwa limechora mistari miwili tu mabegani, tatizo ni mikanda iliyofunikwa kwa kitambaa kisichopitisha hewa. Ikiwa limejikusanya kiunoni, begi limeshuka mno na linaziba sehemu ambayo hewa ingepita.

Kuna aina mbili za mgongo wa begi zinazosaidia. Ya kwanza ina mito miwili au minne ya sponji iliyoinuka, na kati yake pana mfereji wa hewa. Ya pili ina wavu uliovutwa kwenye fremu, kiasi kwamba begi lenyewe haligusi mgongo kabisa. Wauzaji huisifu sana hiyo ya pili, na ni kweli kwamba hupoza zaidi. Lakini wavu huo huusukuma mzigo mbali na mwili kwa sentimita kadhaa, na mzigo ulio mbali huvuta mabega na kuyumba kwenye kona. Ushauri wangu ni kwamba mwenye mzigo usiozidi kilo 4 achague wavu, na mwenye zaidi ya hapo achague mito yenye mfereji. Wala usitarajie makubwa kutoka kwa yoyote kati ya hizo mbili. Anayepanda kutoka Pasua kwenda KCMC atatoka jasho, na kinachopunguza jasho hilo kwa kweli ni kutumia gia nyepesi, kuendesha taratibu katika kilomita ya mwisho, na kupanda ukiwa na fulana huku shati la kazi likiwa limekunjwa ndani ya begi.

Begi linahama upande, au linapanda shingoni

Jiulize linahama wakati gani. Likiyumba pale tu unaposimama juu ya pedali, mikanda ya mabega imelegea au begi halina mkanda wa kifua. Kaza mikanda mpaka begi likae karibu na mwili, kisha funga mkanda wa kifua vidole vitatu hivi chini ya mtulinga, ubane kiasi cha kuizuia mikanda ya mabega isiteleze nje, lakini usibane pumzi. Begi lisilo na mkanda huo si la kutupa: fundi viatu anaweza kushona kwa muda mfupi vipande viwili vya mkanda na kifungo cha plastiki cha kubana.

Likiinamia upande uleule kila siku, angalia mifuko ya pembeni. Chupa ya lita 1 kulia na mfuko mtupu kushoto zinatosha kabisa kulivuta begi zima.

Likikukimbilia shingoni unapofunga breki kwenye mteremko, vitu vizito vimewekwa juu. Hapa waendesha baiskeli huongozwa vibaya na mazoea ya watembeao kwa miguu, ambao huweka kitu kizito karibu na mabega. Mwili ulioinama unahitaji kitu kizito kikae katikati ya mgongo au chini kidogo, tena kiguse mgongo, na vitu vyepesi vikae nje na juu. Mkanda wa kiuno nao husaidia. Kwa mzigo mdogo kazi yake si kubeba uzito, bali ni kulizuia begi lisicheze, kwa hiyo mkanda mwembamba unatosha na ule mnene wenye sponji utakusumbua kila unapoinua paja.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalioni: kaa juu ya baiskeli na umwombe mtu aangalie kama kitako cha begi kinagusa siti au keria. Kikigusa, kila shimo la barabarani hulisukuma begi juu, na mtu hukaza mikanda bure.

Mabega yanauma, vidole vinakufa ganzi

Maumivu ya mabega yakianza baada ya dakika chache, bonyeza mkanda wa bega kwa kidole gumba. Sponji nzima hurudi mara moja, ilhali iliyokufa hubaki imebonyea, na hapo kinachobeba mzigo ni kitambaa kitupu kinachokata kama kamba. Mkanda mwembamba kuliko sentimita 5 utauma hata ukiwa mpya. Fundi anaweza kuufungua na kuweka sponji ngumu ya godoro, kazi ambayo ni nafuu kuliko begi jipya.

Ganzi inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu watu wengi hulilaumu begi lisilo na kosa. Ikiwa ganzi iko kwenye kidole cha mwisho na kile cha pete, mara nyingi chanzo ni usukani: mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa kiganja unabanwa unapouegemea usukani kwa muda mrefu. Dawa yake ni kuinua usukani kidogo, kubadilisha vishikio vilivyoisha, na kubadilisha mkao wa mikono njiani, ingawa begi zito huongeza shinikizo hilo. Ikiwa ganzi inaanzia begani, inateremka mkono mzima, na inaondoka muda mfupi baada ya kuvua begi, basi mikanda inabana karibu na kwapa na unahitaji mikanda iliyopinda kufuata umbo la kifua au begi jembamba zaidi. Ganzi inayobaki kwa saa nyingi baada ya kuvua begi, au mkono unaopoteza nguvu, ni jambo la kumwona daktari.

Helmeti inasukumwa machoni

Dalili hii ina asili ya mjini kwetu. Katika mitumba ya Memorial na Kiboriloni mtu hukutana na mabegi ya wapanda mlima, yenye kitambaa imara na mishono mizuri, kwa bei inayovutia. Ni mabegi mazuri kwa kazi yake. Hata hivyo yametengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea wima na kubeba lita 40 au zaidi, na urefu wake hufika nyuma ya kichwa. Ukiinama juu ya usukani na kuinua uso utazame mbele, helmeti hugonga kilele cha begi na kushuka machoni.

Hatari kubwa zaidi ni kutoweza kugeuza shingo. Kwa kuwa Tanzania magari hupita kushoto, mwendesha baiskeli anayetaka kukata kulia lazima aangalie nyuma kupitia bega la kulia, ambako bodaboda na daladala hutokea. Begi linalokuzuia kufanya hivyo halina marekebisho. Liache.

Ili usikosee, pima urefu wa mgongo wako kwa tepu ya fundi cherehani. Inamisha kichwa upapase mfupa unaojitokeza chini ya shingo, kisha pima kutoka hapo kushuka mpaka usawa wa kilele cha mifupa ya nyonga. Begi la baiskeli lisizidi urefu huo. Kwa matumizi ya kila siku, lita 15 hadi 25 zinamtosha karibu kila mtu, na ukinunua kubwa zaidi utalijaza, kwa kuwa nafasi tupu haikai tupu.

Maji yanaingia

Aprili moja nilishikwa na mvua nikiwa nusu ya njia, na begi langu nililouziwa kwa kuhakikishiwa kwamba halipitishi maji lilifika shuleni likiwa na madaftari ya darasa zima yaliyovimba, wino wa bluu umetambaa kutoka ukurasa hadi ukurasa, na majina ya wanafunzi kwenye majalada hayasomeki. Niliyaanika madaftari hayo kwenye madawati siku mbili. Tangu hapo siamini neno la muuzaji kuhusu maji, ninaamini gazeti.

Jaribio la gazeti ni hili: jaza begi kwa kurasa kavu za gazeti zilizokunjwa, ukipanga juu, katikati, chini na kwenye mgongo wa begi, funga zipu, litundike, kisha mwagia maji kwa kopo lililotobolewa matundu kwa dakika 10. Fungua utazame ni kurasa zipi zimeloa. Zikiloa za juu peke yake, maji yanapita kwenye zipu. Ikiwa kuna mstari uliolowa kufuata kona, maji yanapita kwenye matundu ya sindano ya mshono. Zikiloa zote kwa usawa, utando wa ndani ya kitambaa umeisha. Utaona ukichubuka kama ngozi iliyoungua jua, au unanata mkononi na kutoa harufu kali. Na ikiwa gazeti limebaki kavu nyumbani ilhali begi huloa barabarani, hasa chini, tena kwa maji ya tope, basi kosa ni la baiskeli isiyo na madigadi ya nyuma, inayokurushia maji ya gurudumu kutoka chini.

Kila chanzo kina dawa yake. Madigadi hutibu lile la mwisho. Mishono inaweza kusuguliwa nta ya mshumaa kwa ndani na nje, dawa inayodumu kwa muda tu, kwa hiyo irudiwe kila masika inapokaribia mwezi Machi. Kwa zipu, tafuta begi lenye ulimi wa kitambaa unaoifunika, au, bora zaidi, begi lenye mdomo mrefu unaoviringishwa mara tatu na kufungwa, kwa sababu hapo juu hapana zipu kabisa. Utando ulioisha hautengenezeki vya kutosha, na begi la mtumba lenye dalili hiyo lisinunuliwe hata kwa bei ya kutupa.

Kava la mvua ni msaada wa kweli lakini lina mapungufu mawili: haliufuniki mgongo wa begi, ambako maji hutiririka kutoka shingoni, na kwenye mteremko upepo hulivua lisipofungwa kwa kamba. Zamani watu walimaliza tatizo hili kwa mfuko wa plastiki wa dukani, ambao umepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Badala yake nilimwomba fundi cherehani anishonee mfuko wa turubai jepesi wenye mdomo mrefu wa kukunja, unaoingia ndani ya begi kama bitana inayotoka. Madaftari hukaa humo, na masika kadhaa yamepita bila karatasi kuloa.

Zipu inaachia, mkanda unang'oka

Zipu ikifunguka nyuma ya kichwa chake wakati unaifunga, watu hudhani meno yameharibika. Kwa kawaida ni kichwa kilichopanuka. Kibane kidogo kwa koleo, upande wa kulia kisha wa kushoto, ukijaribu kila mara, maana ukikibana kupita kiasi kitapasuka. Isiposaidia, fundi abadilishe kichwa tu, akitazama namba iliyo nyuma yake, kwa kuwa namba hiyo hufuata upana wa meno. Namba 8 au 10 kwa mfuko mkubwa ni bora kuliko namba 5. Wakati wa vumbi la kiangazi, safisha meno kwa mswaki mkavu na uyapitishie mshumaa. Ila ikiwa unaifunga zipu kwa kulikalia begi, hakuna fundi atakayekusaidia.

Kuhusu mikanda, nilijifunza jambo kutoka kwa fundi viatu mmoja nilipompelekea begi ambalo mkanda wake wa bega ulikuwa umechomoka. Hakutazama kwa nje hata kidogo. Aliligeuza begi ndani nje, akaukunjua mshono kwa kidole gumba, akauvuta uzi mmoja ukakatika kama uzi wa buibui. "Mwalimu," aliniambia, "kitambaa chako hakina kosa lolote. Kilichooza ni uzi." Alishona upya kwa uzi mnene wa nailoni, mstatili wenye alama ya X katikati, na kwa ndani akaweka kipande cha mkanda wa siti ya gari kama kiraka. Mkanda huo haujatikisika mpaka leo. Kwa hiyo tofautisha: uzi ukikatika, shona, kitambaa kikichanika, weka kiraka kipana kwanza ndipo ushone, vinginevyo uzi mpya utakichana zaidi.

Kompyuta inagonga chini

Ingiza mkono kwenye mfuko wa kompyuta mpaka mwisho. Ukiigusa sakafu ambayo begi limewekwa, kompyuta yako pia huigusa kila unapolishusha begi kwenye sementi. Mfuko mzuri huishia sentimita mbili au tatu juu ya kitako cha begi. Kipande cha sponji ngumu kilichokatwa kwa ukubwa wa kitako hutatua tatizo bila fundi. Pampu, kufuli na spana zisikae kamwe kati ya kompyuta na mgongo wako, kwa ajili ya kompyuta na zaidi kwa ajili ya uti wa mgongo siku utakapoanguka chali.

Madereva hawakuoni jioni

Begi jeusi huificha taa ya nyuma iliyofungwa juu kwenye nguzo ya siti, na giza letu huingia haraka baada ya saa kumi na mbili na nusu. Hamishia taa kwenye keria, na ushonee begi utepe unaorudisha mwanga kwa ulalo, juu na chini.

Ikibainika kwamba begi lenyewe ndilo tatizo

Nenda sokoni na baiskeli yako na mzigo wako halisi. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuingiza kompyuta na madaftari ndani ya begi analouza. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hakatai. Livae, kaza mikanda yote, kaa juu ya siti huku umeegemea ukuta au mti, inama kama unapanda kuelekea KCMC, inua uso, kisha geuza shingo kulia mpaka umwone mtu aliyesimama nyuma yako. Baki katika mkao huo dakika tano nzima kabla ya kuuliza bei.